Hesabu Maduka Kabla ya Kuhesabu Mashine

Wazo la kuanzisha kiwanda humjia msambazaji siku ambayo kampuni anayoiuzia bidhaa imempunguzia kamisheni, au imempa mtu mwingine nusu ya eneo lake. Kwa miaka amezunguka na mzigo wao, amefungua maduka ambayo wao hawakuyajua, amekopesha, amedai, amelala njiani gari likiwa limekwama kwenye tope. Kisha inakuja barua ya aya mbili. Jioni hiyo anaanza kupiga hesabu: katoni inatoka kiwandani kwa shilingi ngapi, ndani yake kuna nini hasa, na kwa nini asitengeneze mwenyewe.

Ninawaandikia watu wa namna hiyo, wenye stoo, kirikuu moja au kenta, daftari la wateja na simu isiyonyamaza. Wazo lao ni zuri na ningependa walifuate. Baadhi ya viwanda vikubwa kabisa barani Afrika vimejengwa na watu walioanza kwa kuuza bidhaa za wengine. Lakini hasira ya kupunguziwa kamisheni humfanya mtu akimbilie kununua mashine kabla hajajua ana nini mkononi, na mashine ingepaswa kuwa kitu cha mwisho kuingia kwenye orodha yake.

Alichonacho msambazaji ni njia. Anajua duka lipi linalipa Jumamosi na lipi linalipa likibanwa. Anajua kwamba mteja wa mjini anaangalia harufu na mteja wa kijijini anaangalia povu. Anajua chupa zipi hufika zimevuja na katoni zipi hulainika mvua ikinyesha. Mwenye kiwanda kipya anayetoka kwenye ajira au aliyerudi kutoka masomoni huyalipia maarifa hayo kwa hasara ya miaka miwili mitatu. Wewe umeshayalipia. Kwa hiyo kaa na daftari lako la mwaka mzima kabla hujakaa na muuza mashine. Kwa kila duka, andika linachukua nini, kila baada ya siku ngapi, linalipa taslimu au linachukua mali kauli, na likikosa bidhaa fulani linaomba ipi badala yake.

Hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote. Tuseme maduka arobaini kwenye njia yako yanaulizia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ya bei ya chini kidogo kuliko zilizopo, na kampuni unayoiwakilisha haiitengenezi. Hapo una soko lililokwisha kujitangaza lenyewe. Angalia pia misimu. Katika wilaya zinazolima pamba za Shinyanga na Simiyu, pesa huonekana wakulima wakishauza, na duka lililokuwa likichukua nusu katoni huchukua tatu, kisha hurudi kulekule. Kiwanda kinachozalisha kiasi kilekile kila mwezi kwa soko la namna hiyo kitajaza stoo nusu mwaka na kupungukiwa mzigo nusu nyingine.

Nitatumia sabuni kama mfano katika makala haya, kwa sababu ni bidhaa ambayo wasambazaji wengi wa Tanzania hulenga kwanza na inaweza kuanzia mahali padogo. Anayeuza mafuta ya kula, unga, viungo, maji au chakula cha kuku atabadilisha majina, hesabu zitabaki zilezile.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia. Msambazaji akisikia kwamba mwenye kiwanda anapata asilimia 25 kwa kila katoni wakati yeye anapata 4, anaona amepunjwa maisha yake yote. Tuchukue namba za mfano. Una mtaji wa milioni 30. Mzigo unaisha kila baada ya siku 10, na kila ukiisha umebakiwa na asilimia 4, yaani milioni 1.2. Kwa mwezi unazungusha mara tatu, unapata milioni 3.6 kabla ya mafuta ya gari na mshahara wa dereva.

Chukua milioni 30 hizohizo ukazitie kiwandani. Milioni 12 zimekwenda kwenye matenki, mashine ya kujazia, ukarabati wa banda na kuvuta umeme. Zimebaki 18 za kuendeshea. Malighafi unalipa taslimu, na muuza chupa hakuuzii chupa mia tano, ana kiwango chake cha chini. Kwa hiyo unanunua nyingi kuliko unazohitaji wiki hii, na mpaka ziingie kazini pesa imelala siku 20. Kuzalisha na kufungasha ni siku 5. Sabuni inakaa stoo siku 10 ikisubiri oda. Duka nalo haliifahamu nembo yako, linasema, "Kaka, niachie mali kauli, ikitoka nakulipa," na malipo yanakuja baada ya siku 30. Jumla ni siku 65. Asilimia 25 ya milioni 18 ni milioni 4.5, lakini umeipata kwa siku 65. Ukiigawa kwa mwezi ni milioni 2 na kidogo, na bado hujalipa vibarua, umeme wala kodi ya pango.

Asilimia 25 imekupa pungufu ya asilimia 4. Soma tena aya hiyo iliyopita ukiweka namba zako mwenyewe, kwa sababu hakuna kingine katika makala haya chenye uzito kama hicho. Mfanyabiashara wa jumla ameishi kwa kasi ya mtaji bila kuiita jina, na anapohamia kiwandani anaiacha kasi hiyo mlangoni. Ukiweza kuzipunguza siku 65 ziwe 30, faida hiyohiyo ya milioni 4.5 inakuja kila mwezi, bila kupandisha bei hata shilingi moja.

Siku zinapunguzwa kwa maamuzi madogo yanayochosha. Anza na ujazo mmoja na harufu moja. Kila ujazo mpya unaoongeza ni chupa za aina nyingine, lebo za aina nyingine na katoni za aina nyingine, zote zimelipiwa na zote zimelala. Uza kwanza kwa madumu ya lita 20 kwa gesti, mama ntilie, saluni na waosha magari walio kwenye njia yako. Dumu linarudi, linaoshwa, linajazwa tena, na gharama ya vifungashio inashuka sana. Wengi wa hawa hulipa papo hapo. Shule za bweni ni wateja wakubwa, lakini nyingi hulipa mwisho wa muhula, kwa hiyo ziache mpaka mtaji wako uwe umekomaa. Na kwenye maduka, usimpe mali kauli mtu ambaye usingemkopesha mzigo wa kampuni. Ni jambo la kusikitisha kuona msambazaji aliyekuwa mkali wa madeni kwa miaka kumi anakuwa mpole siku anapouza cha kwake, kwa sababu ya shauku ya kuona nembo yake kwenye rafu.

Baada ya kuhesabu siku, hesabu maduka. Jumlisha gharama zitakazokuwepo hata usipozalisha chupa moja: pango, mishahara ya watu watano, umeme wa msingi, marejesho ya mkopo, ulinzi, fundi. Tuseme ni milioni 4.5 kwa mwezi. Kama kila katoni inakuachia shilingi 3,000 baada ya malighafi, vifungashio na usafirishaji, unahitaji kuuza katoni 1,500 ili usipate wala usipoteze. Njia yako ina maduka 180, na kwa makadirio ya kweli kila moja litachukua katoni 4 kwa mwezi. Hizo ni 720. Hujafika hata nusu. Majibu yako ni matatu: uongeze njia, upunguze gharama za kudumu, au usijenge sasa. Kuna la nne linalopendwa sana, la kusema "bidhaa ikijulikana itauza yenyewe", na hilo benki haitakukubalia kama marejesho.

Usijenge sasa haina maana ya kukaa bure. Kuna ngazi kati ya stoo na kiwanda, na waliofika mbali walizipanda. Aliko Dangote alianza biashara Nigeria mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa ndugu wa upande wa mama yake, na kwa takribani miaka 20 kazi yake ilikuwa kuagiza na kusambaza sukari, mchele, saruji na bidhaa nyingine. Kwenye saruji aliagiza kwa wingi na kuifungasha kwenye vituo vyake vya bandarini, malori yake yakaisambaza. Mwaka 2002 serikali ya Rais Olusegun Obasanjo ilipotaka waagizaji wa saruji waonyeshe kwamba wanajenga viwanda, yeye tayari alikuwa na vituo vya bandarini, mifuko, malori na wanunuzi. Kiwanda chake kikubwa cha Obajana, jimbo la Kogi, kilipoanza kutoa saruji miaka mitano hivi baadaye, kilikuta njia imekwisha kutengenezwa. Ukubwa wake usikutishe. Kinachofaa kuigwa ni mpangilio: kwanza kuuza, kisha kufungasha, kisha kutengeneza.

Kufungasha ni ngazi ambayo wasambazaji wengi huidharau. Unanunua bidhaa kwa pipa, gunia au tangi kutoka kwa mzalishaji anayeaminika, unaifunga kwa ujazo ambao wateja wako wanautaka, kwa nembo yako. Msambazaji wa viungo anaweza kufungasha pilipili manga na mdalasini kabla ya kununua mashine ya kusagia. Wa mafuta ya alizeti anaweza kununua kwa wakamuaji wa Singida au Dodoma, akachuja vizuri na kufungasha, kabla ya kuingia kwenye biashara ya kununua mbegu msimu mmoja na kuzilinda mwaka mzima. Mkamuaji wa alizeti haishi kwa mafuta peke yake, anaishi kwa mashudu pia, na asiyejua atamuuzia nani mashudu hajui biashara anayoiingia. Kwenye kufungasha utajifunza ubora wa vifuniko, gundi ya lebo, upotevu wa kila siku na nidhamu ya vibarua, kwa gharama ndogo.

Ngazi ya pili ni kutengenezewa. Viwanda vingi vya kati vina mashine zisizofanya kazi siku zote za wiki. Unaenda na sampuli ya unachotaka, mnakubaliana bei kwa katoni, wanakutengenezea kwa nembo yako, wewe unauza. Faida ni nyembamba, lakini unajua jambo moja ambalo hakuna utafiti wa soko utakaokuambia kwa uhakika huo: je, mteja anarudi kununua mara ya pili? Kabla hujaenda kwa mtu yeyote na jina lako, lisajili kama alama ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kama unauza Unguja na Pemba kumbuka kwamba usajili wa Zanzibar ni wa peke yake. Katika makubaliano, andika waziwazi nembo ni ya nani, kanuni ya kuchanganyia ni ya nani, mkupuo mbovu unalipiwa na nani, na kwamba hawatauza bidhaa hiyohiyo kwa wateja wako kwa jina lingine. Ukiona oda zako za kutengenezewa zimefika mahali ambapo mashine yako mwenyewe ingefanya kazi zaidi ya nusu ya muda wake, hapo ndipo mazungumzo na muuza mashine yanapoanza.

Na hata hapo, mpya isiwe chaguo la kwanza. Biashara ya familia ya Dewji ilianza Singida kama biashara ya kununua na kuuza chini ya Gulamabbas Dewji. Mohammed Dewji alipoiingia, kampuni yao ya MeTL ilipanuka kwenye uzalishaji kwa kununua viwanda vya umma vilivyokuwa vikibinafsishwa, kikiwemo cha nguo cha Morogoro. Kwa kiwango chako, jambo hilo ni kutafuta banda lenye umeme wa njia tatu ambalo mwenzio amelifunga, tenki lililotumika, mashine ya kujazia ambayo mtu aliinunua kwa shauku na sasa anaiuza. Mpeleke fundi wako aikague, iwashwe mbele yenu, ifanye kazi nusu siku, na muulize mwenye nayo vipuri anavipata wapi. Mashine rahisi kutoka ng'ambo ambayo mpira wake wa kuzuia kuvuja unaagizwa kwa miezi miwili ni ghali kuliko inavyoonekana. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina karakana zinazotengeneza mashine ndogo nyingi za aina hizi, na ukinunua huko unaye wa kumpigia simu ikiharibika.

Ndani ya kiwanda chenyewe, hebu tusimame kwenye pipa la sabuni ya maji. Anayefundishwa kwa siku moja huambiwa: maji, salfoniki, kostiki ya kuituliza, ungaroli, chumvi ya kuongeza uzito, rangi, manukato, koroga, acha povu lilale, funga. Yote ni kweli, na ndiyo maana kila mtaa una mtu anayeitengeneza. Tofauti iko kwenye chumvi. Ukiongeza kidogo kidogo sabuni inakuwa nzito, unafurahi, unaongeza tena, na ukivuka kiwango fulani inageuka ghafla na kuwa nyepesi kama maji. Hairudi kwa kuongeza chumvi zaidi. Anayepima kwa kikombe atapata sabuni nzito Jumatatu na nyepesi Alhamisi, na mteja wa Alhamisi hataambiwa kwamba Jumatatu ilikuwa nzuri.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununua ni mizani sahihi, na cha pili ni daftari la mikupuo. Kila mkupuo uwe na namba, tarehe, kilo za kila malighafi na zilinunuliwa kwa nani, kipimo cha pH kabla ya kufungasha, na jina la aliyekoroga. Namba hiyohiyo igongwe kwenye chupa. Weka chupa moja ya kila mkupuo kwenye rafu ya kumbukumbu mpaka muda wake wa matumizi uishe. Dada mwenye duka Kilosa akipiga simu kwamba sabuni imetengana, unamuuliza namba, unaishusha chupa ya namba hiyo, unaitazama. Ukiikuta nzima, tatizo ni jua la dukani kwake au mtu amechakachua. Ukiikuta imetengana, unajua katoni nyingine za mkupuo huo ziko wapi na unazifuata kabla hazijauzwa. Daftari hilo pia ndilo litakalokuokoa na hatari ya kanuni kukaa kichwani mwa mtu mmoja. Kijana anayejua kuchanganya akiondoka na kazi isimame, huna kiwanda, una kijana.

Kabla ya kutoa mzigo wa kwanza, jaza katoni kumi, zipange kwenye gari lako jinsi mnavyopanga siku zote, chini ya mizigo mingine, na zizunguke njia nzima kwenda na kurudi kwa wiki. Zikirudi, zifungue. Kifuniko kinachovuja kitajionyesha, lebo inayochubuka itajionyesha, na utakuwa umelipia chupa chache badala ya kulipia jina lako.

Kuhusu vibali nitapita haraka, kwa sababu taratibu hubadilika na kila ofisi ina orodha yake. Jina la biashara au kampuni, alama ya biashara na leseni ya kiwanda ni BRELA. Alama ya ubora ni TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia pia chakula na vipodozi. Kemikali zinakupeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, mazingira NEMC, usalama wa wafanyakazi OSHA, ujazo unaoandikwa kwenye lebo Wakala wa Vipimo. Mjasiriamali mdogo na aanzie SIDO, maana barua yao ya utambulisho humfungulia milango TBS kwa utaratibu wa nafuu. Ushauri wangu ni mmoja: mwite mkaguzi aone ramani ya banda kabla hujapasua ukuta. Kubomoa ukuta kwa sababu chumba cha kuchanganyia kimepakana na choo ni gharama isiyo na sababu.

Ushuru nao una nafasi yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki hutoza malighafi nyingi asilimia 0 zinapotoka nje ya jumuiya, bidhaa zilizosindikwa nusu asilimia 10, zilizokamilika 25, na tangu Julai 2022 kuna daraja la 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo zinazalishwa ndani. Msambazaji anayeagiza bidhaa iliyokamilika na kulipa ushuru wa juu anaweza kukuta kwamba kuagiza malighafi na kumalizia kazi hapa ndiko kunakojaza pengo la bei. Kaa na wakala wa forodha, mpe orodha ya kila kitu kitakachoingia kwenye katoni moja, kifuniko na lebo zikiwemo, akupe daraja la kila kimoja. Wengine hukuta malighafi iko kwenye sifuri na chupa tupu iko juu, na hesabu yote inageuka.

Lakini usijenge nyumba nzima juu ya sera. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba Machi 2017 na mifuko ya plastiki Juni 2019. Kwenye hiyo ya pili, waliokuwa wakisambaza mifuko walikuwa na njia na wateja, na baadhi yao waligeukia mifuko mbadala kwa sababu mwenye duka yuleyule bado alihitaji kitu cha kufungia. Aliyekuwa na mashine ya plastiki peke yake alibaki na chuma. Kule Naivasha, Kenya, Tabitha Karanja alitoka kwenye duka la vifaa vya ujenzi akaanzisha Keroche mwaka 1997, akitengeneza mvinyo wa bei nafuu. Kodi zilipobadilishwa mwaka 2007 bidhaa hizo zilipanda bei zikaponyoka mikononi mwa wateja wake, naye akahamia kwenye bia mwaka uliofuata. Kabla ya kununua mashine, uliza inaweza kufanya nini kingine. Tenki la sabuni ya maji linaweza kuchanganya dawa ya kusafishia sakafu. Mashine ya kufunga pakiti za unga inaweza kufunga sukari. Mashine yenye kazi moja tu iwe ya mwisho.

Nishati ipimwe kwa namna hiyohiyo. Kiwanda cha saruji cha Dangote kule Mtwara, kilichoanza mwaka 2015, kiliendeshwa kwanza kwa jenereta za dizeli huku gesi asilia ikiwa jirani, na gharama hiyo ilikisumbua mpaka kilipounganishwa na gesi. Kama kampuni ya ukubwa huo imeumizwa na dizeli, wewe mwenye banda la Vingunguti au Nyakato piga hesabu ya katoni moja ikizalishwa kwa jenereta. Ikiwa inakula faida yote, panga zamu kufuata umeme na uweke akiba ya wiki moja ya bidhaa iliyokamilika.

Kuna jambo ambalo wasambazaji huliogopa mpaka wanalificha, nalo ni kampuni wanayoiwakilisha. Soma mkataba wako wa uwakala. Mingi ina kifungu cha kukataza kuuza bidhaa shindani, na gari lililopakwa rangi zao haliruhusiwi kubeba za mwingine. Usianze na bidhaa inayogongana na yao uso kwa uso. Ukiuza sabuni yao ya unga, anza na ya kuoshea vyombo. Nenda ukawaambie mwenyewe kabla hawajaambiwa na mshindani wako. Wapo watakaokunyang'anya eneo, na ni afadhali ujue hilo ukiwa bado hujakopa. Wapo pia watakaokuona wa maana zaidi, kwa sababu mtu mwenye bidhaa zake kwenye gari hupita madukani mara nyingi zaidi, na mzigo wao unapita naye. Uwakala huo ndio utakaolipa mishahara ya kiwanda kwa mwaka wa kwanza, labda na wa pili. Usiuache kwa kiburi.

Ndiyo maana vitabu vitenganishwe tangu siku ya kwanza. Kiwanda kiuze kwa stoo yako kwa bei ileile ambayo kingemuuzia msambazaji mwingine, kwa risiti, na stoo ilipe. Usipofanya hivyo faida ya usambazaji itafunika hasara ya kiwanda kimyakimya, na utagundua pale mtaji wa mzigo utakapoanza kupungua bila maelezo. Akaunti za benki ziwe mbili. Mkopo wa mashine uwe wa miaka, usilipie tenki kwa mkopo wa miezi kumi na miwili uliokusudiwa kuzungushia mzigo. Na mpange nyumbani nani anabaki na stoo. Mara nyingi mwenye biashara huhamia kiwandani kwa mapenzi, stoo anamwachia kijana wa kaunta, na katika miezi michache madeni ya mtaani yamekuwa marefu. Kama mke, mume au ndugu ndiye anayeshika stoo, awe na mamlaka kamili ya kukataa kukikopesha kiwanda.

Mwisho, kabla ya kuwasha mashine, kaa na huyo anayeshika stoo mwandike namba mbili. Ya kwanza ni kiasi cha juu cha pesa ambacho kiwanda kinaruhusiwa kula kabla hakijajitegemea. Ya pili ni tarehe. Zikifika zote mbili na katoni zinazouzwa bado hazifiki zile za kulipia gharama za kudumu, mashine inauzwa ikiwa bado na bei, oda zinarudishwa kwa kiwanda cha kutengenezewa, na nembo inaendelea kwenda madukani kwa kirikuu ileile. Karatasi hiyo muisaini wote wawili, na nakala moja ikae kwa mtu wa tatu mnayemheshimu.